Vidonge Kumi kwa Watu Saba

Kwenye boti la bwana yangu kila kitu kiligawanywa. Samaki waliopewa njiani, sukari iliyomwagika kutoka kwenye gunia lililopasuka, vitunguu vya Kigoma, nyama ya ng'ombe wa milima ya Pepa waliyoinunua Moba, vyote viliwekwa kwenye ubao wa mbele, nahodha akahesabu watu wake na yeye mwenyewe, wakawa saba, na yakapangwa mafungu saba. Fungu la mpishi lilikuwa sawa na la nahodha. Mtu aliyelala na homa alipata lake. Aliyeachwa Uvira kwa msiba alirudi akakuta lake limefungwa kwenye mfuko, limewekwa pembeni, hakuna aliyeligusa. Sisi wake zao tuliisifu sana desturi hiyo, na mimi nilikuwa mbele ya wote. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba boti la bwana yangu lina haki kuliko serikali. Leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujipiga kofi.

Jicho la kushoto la binti yangu halioni kwa sababu ya desturi hiyo. Nitasema ilivyokuwa, na nitasema kwa hasira, maana nimeshajaribu kusema kwa upole na watu wakanijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa kwenye boti ameshika kisu cha vitunguu.

Bwana yangu ni mekanisye, fundi wa injini, wa boti hilo la mbao. Linapeleka saruji, linarudi na unga, sabuni, mafuta na viti vya plastiki. Safari zake ni Kigoma na Moba, mara nyingine Uvira. Mimi nafundisha darasa la nne katika shule ya misheni hapa Kalemie, na ndiyo maana wake wa mabaharia wenzake waliniletea karatasi zao za hospitali niwasomee. Nilikuwa na kiburi changu kidogo. Nilidhani mwanamke anayejua kusoma hawezi kufichwa kitu.

Asije mtu akaniambia kwamba mabaharia hawajui. Wanajua. Miezi michache kabla sijapata mimba, watu wa afya walikuja mwaloni na kipaza sauti, meza, na uume wa kuchonga kwa mti, wakawakusanya wafanyakazi wa maboti yote yaliyokuwa yanapakia. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea bwana yangu chakula. Wanaume walicheka mpaka machozi, lakini maswali waliyajibu yote. Kisonono kinaambukizwaje? Walijibu. Kaswende je? Walijibu. Halafu wakaulizwa, mtu akitibiwa na mke wake asitibiwe, inakuwaje? Aliyenyoosha mkono ni bwana yangu mwenyewe.

"Ugonjwa inarudia," alisema. "Inatoka kwa muke, inarudia kwa bwana. Lazima wameze wote wawili."

Walimpigia makofi, akapewa fulana. Nilijisikia vizuri pale nilipokuwa nimesimama na sufuria langu. Ile fulana ilimaliza maisha yake ikifuta mafuta ya injini.

Na zile kapoti, yaani kondomu, walizogawiwa siku hiyo hazikupotea, jamani. Mabaharia hawatupi kitu. Waliingiza simu zao ndani, wakafunga fundo, ili wimbi likipiga maji yasiingie. Nahodha aliivalisha tochi yake. Bwana yangu alizitumia kufungia vipuri vidogo vya injini visishike kutu. Kwenye boti lile kila kitu kilivaa kapoti isipokuwa wanaume.

Nimewasikia wataalamu wakisema watu wetu wanahitaji elimu. Elimu wanayo mpaka puani. Wasichokuwa nacho ni kumfikiria mtu ambaye hayuko nao kwenye boti.

Ziwa likichafuka wanakaa siku tatu, siku nne, bila kazi. Karatasi za mzigo zikichelewa Kigoma wanakaa wiki. Mtu hawezi kulala wiki nzima juu ya magunia, kwa hiyo kila mmoja ana nyumba anakofikia. Kuna mama anayempikia, anamfulia, na mengine yanafuata. Bwana yangu alikuwa na nyumba yake Moba. Nilijua. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba bati linavuja mahali fulani, na badala ya kupanda juu anasogeza kitanda. Sikuwahi kumwuliza. Alileta maharage mazuri kutoka kule, nikayapika, tukala.

Mimba ilipofika miezi mitano alirudi kutoka safari akitembea miguu imeachana. Alisema mkono wa injini umempiga kwenye nyonga. Nilimwamini. Nilichemsha maji, nikachukua taulo, nikamkanda nyonga jioni mbili mfululizo, na yeye akalala pale akigugumia na kunishukuru. Hilo nalo sijalisamehe. Afadhali angenitukana kuliko kuniacha nimkande.

Safari iliyofuata aliondoka, akarudi, akaondoka tena. Mimi sikuumwa chochote. Nilikwenda kwenye kipimo cha wajawazito nikasimama kwenye mizani, nikapimwa tumbo kwa futi ya fundi cherehani, nikaambiwa mtoto anakua vizuri. Nilifundisha mpaka wiki ya mwisho.

Uchungu ulinikamata mchana, nimetoka shuleni na bado nina chaki mikononi. Ulikuja haraka mno. Kabla jirani hajapata pikipiki, mkunga wa mtaa alikuwa ameshampokea mtoto kwenye godoro langu. Msichana. Alilia vizuri, kisha akanyamaza akafungua macho. Nasisitiza hilo. Alifungua macho yote mawili, yalikuwa masafi, na aliniangalia.

Siku ya tatu kope la kulia lilivimba. Jioni lilivimba na la kushoto. Mama mkwe wangu alisema ni uchafu wa kuzaliwa tu, nimkamulie maziwa ya kifua machoni, hata bwana yangu alikamuliwa hivyo akiwa mchanga. Nikakamua. Mwalimu mzima, nikakaa siku nzima nikikamua maziwa juu ya moto unaounguza macho ya mtoto wangu. Siku ya nne kope zilikuwa zimegandana kabisa. Nilipojaribu kuzitenganisha kwa kidole usaha wa manjano ulinirukia mkononi. Nilimfunga kwenye kitenge nikakimbia, na kidonda cha uzazi bado kibichi.

Kituo cha afya kilichokuwa karibu ni kile cha karibu na bandari. Muuguzi wake ni mzee mwenye miwani mizito, amewatibu mabaharia maisha yake yote. Alitenganisha kope za mtoto kwa vidole viwili, akaangalia. Kisha aliniuliza bila kuinua uso:

"Mama, ile dawa nilimupatia bwana yako akuletee, ulimeza yote?"

"Dawa gani, Papa?"

"Ile ya kwako. Wakati mimba ilikuwa ya miezi tano."

"Mimi sijaona dawa."

Alikwenda kwenye kabati, akatoa kitabu cha wagonjwa, akapitisha kidole mpaka akafika. Alinigeuzia nisome, maana alinijua kuwa ni mwalimu. Jina la bwana yangu lilikuwa pale, na ugonjwa wake, kisonono. Chini yake, kwa mwandiko safi kabisa, aliandika: *na mke, mjamzito, dozi moja, imetolewa.* Nilisoma mara tatu. Kwenye kitabu kile nilikuwa mtu aliyekwisha kutibiwa.

"Mutoto amepata ile ugonjwa wakati wa kupita kwa njia ya kuzaliwa," muuguzi alisema. "Nilimwambia ameze hapa hapa mbele yangu. Akasema hajakula, atameza akishakula. Nikamwamini. Ni makosa yangu pia, Mama."

"Ataona?"

"Nitamuchoma sindano sasa hivi. Kisha ukimbie hospitali, panda pikipiki, usingoje kitu."

Hospitalini tulikaa siku nyingi. Kila saa, mchana na usiku, nilimwosha macho kwa maji ya chumvi, nikashika kichwa chake kidogo na yeye akapiga kelele, nikaomba Mungu na nikamtukana bwana yangu, mara nyingine ndani ya sala hiyo hiyo. Na mimi nilitibiwa pale. Daktari alinieleza pole pole kwamba mwanamke anaweza kubeba ugonjwa huu bila kusikia hata muwasho. Siku ya sita aliniambia la kulia limepona. Nilisubiri aseme na la kushoto. Alisema kwenye jeusi la jicho kumebaki kovu jeupe, na jicho hilo halitaona tena kitu zaidi ya mwanga.

Bwana yangu alifika siku hiyo hiyo. Boti lilikuwa limetia nanga asubuhi, akaambiwa mwaloni kwamba ana mtoto wa kike na kwamba tuko hospitali. Alikuja na mfuko wa sukari. Nilimwacha amwangalie mtoto kwanza. Nilitaka aone jicho kabla hajasikia neno kutoka kwangu.

"Dawa yangu iko wapi?" nilimwuliza.

Angeweza kudanganya. Niseme haki, hakudanganya.

"Tuligawa," alisema.

"Muligawa na nani?"

"Na wenzangu. Kwa boti."

Akanieleza, amekaa pembeni ya kitanda, mfuko wa sukari mapajani. Muuguzi alimpa pakiti mbili, vidonge vitano katika kila moja. Moja yake, moja yangu. Kila mtu alitakiwa kumeza vyote vitano mara moja, na basi. Alipanda navyo botini akisubiri kula. Mpishi alipoziona pakiti alimwuliza ni za nini, na yeye akamwambia. Mpishi akasema hata yeye analia akikojoa. Mwingine akasema hata mimi. Mwingine naye. Wanne wagonjwa, wote walikuwa wameficha, na sasa dawa imeonekana.

"Ningefanya namna gani?" aliniuliza. "Nimeze peke yangu, na wenzangu wananiangalia?"

Nahodha akaita watu. Vidonge viliwekwa kwenye ubao wa mbele, kwenye sahani ya mpishi. Vidonge kumi, watu saba. Nafundisha hesabu darasa la nne na swali hilo siwapi watoto, kwa sababu halitoki sawa. Wao walilitoa. Walichukua kisu cha vitunguu, kila mtu akapata kidonge kimoja kizima, na vitatu vilivyobaki wakavikata vipande, na unga uliomwagika mmoja akaulamba kwa kidole. Watatu hawakuwa wagonjwa kabisa. Walichukua kwa sababu fungu ni fungu. Nahodha alilifunga lake kwenye karatasi akaliweka kwenye kopo la vyeti vyake, akiba, kwamba akifika Kigoma litamkinga.

"Na mimi?" nilisema. "Ile moja ilikuwa yangu. Aliandika kwa kitabu. Yangu."

"Wewe haukukuwa unaumwa," alisema. "Nilikuangalia nikaona uko muzima. Wao walikuwa wanalia. Nikasema tukifika, nitarudi kwa munganga kutafuta ingine. Kisha nikapata haya kurudi."

Nilimpiga. Nilivua kandambili nikampiga nayo kichwani, usoni, mabegani, na mfuko ukapasuka sukari ikamwagika sakafuni mwa hospitali. Akina mama wa vitanda vingine walikuja kunishika mikono. Hakujikinga. Hata hilo liliniudhi, kwamba amekaa tu anapigwa kama mtu anayelipa, kana kwamba kandambili inalipa jicho. Sijutii, na leo ningempiga tena.

Kuna jambo jingine ninalopaswa kulisema, ingawa sipendi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilipewa vidonge vya malaria, nikameza siku mbili, nikapata nafuu, na vilivyobaki nikampa jirani aliyeanza homa. Alinibariki. Katika mtaa wetu kumaliza dawa peke yako hali mwenzako anatetemeka ni uchoyo. Kwa hiyo nilipokuwa nampiga bwana yangu nilikuwa najua mahali alipojifunza. Hasira yangu haikupungua kwa kujua hilo. Iliongezeka, kwa sababu nilikosa mtu wa nje wa kumtupia yote.

Tuliporudi nyumbani mtoto alikuwa na siku kumi na sita. Boti lilikuwa linapakia kwenda Kigoma. Niliwafikiria wale wanaume sita na vipande vyao vya dawa, visivyomponya hata mmoja, wakirudi kwa wake zao, wakienda kwa wale akina mama wa bandarini ambao wanaume hao huwalaumu kila siku. Mke wa mpishi alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikuwa nimemwona sokoni, tumbo mbele, ananunua dagaa. Nilivaa, nikambeba mtoto, nikashuka mwaloni.

Mabaharia wetu wanaamini kwamba mwanamke ambaye hajamaliza siku arobaini tangu ajifungue akikanyaga boti, safari imeharibika. Injini itazima katikati ya maji, au ziwa litawakasirikia. Kwa jambo hilo hawana mzaha. Walishawahi kumshusha mwanamke pamoja na mizigo yake baada ya kusikia mtoto wake ana wiki tatu. Mimi nilipita kwenye ubao wa kupandia, mbele ya macho yao, nikaenda mpaka katikati ya boti, nikakaa juu ya magunia ya saruji na kutoa titi kumnyonyesha binti yangu.

Kelele zilizotokea sijawahi kuzisikia. Abiria waliokuwa wamekwisha kupanda walianza kushuka wenyewe na mabegi yao. Nahodha alikuja akasimama mbali, kana kwamba nimebeba ukoma.

"Mama mwalimu, shuka. Tafazali. Unatuua."

"Sishuki."

"Unataka nini? Sema kitu unataka."

"Muende wote saba kwa Papa munganga. Kila mutu ameze dozi yake nzima mbele yake, na midomo ifunguliwe aangalie. Na kila mutu alete muke yake. Mukimaliza, nitashuka."

"Mimi siko mugonjwa," nahodha alisema.

"Wewe ulichukua dawa ya mutoto wangu," nilimjibu. "Iko kwa kopo yako, na karatasi zako. Nenda kailete."

Nilimfunua mtoto, nikamgeuza waone. Wa kwanza kushuka alikuwa bwana yangu. Hakuniangalia. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakapanda njia ya kituo cha afya mchana kweupe, na wachuuzi wa mwaloni wakiwapigia miluzi. Nilikaa pale juani mpaka muuguzi mwenyewe akashuka kuniambia kwamba wote saba wamemeza, na ameangalia ndani ya midomo yao. Wake wanne walikuja siku hiyo na kesho yake, wakilia, wakitukana, mmoja akinitukana mimi. Mke wa nahodha yuko Kigoma. Nahodha aliapa kwamba atampeleka hospitali akifika.

Niliposhuka waliosha boti. Walilisugua kwa sabuni na brashi mara tatu, hasa pale nilipokaa, na safari wakaiahirisha siku mbili. Dawa ya kweli waliikata kwa kisu, lakini kwa nuksi yangu hawakupunguza hata ndoo moja ya maji.

Mke wa mpishi hakuja. Mpishi alikuwa amemeza yake kwa sababu ya aibu, lakini nyumbani alisema kwamba mke wa mekanisye ameharibikiwa akili kwa sababu ya uzazi. Mke wake ni mtu wa Ankoro, hana ndugu hapa, na mpishi aliogopa kwamba akijua atarudi kwao na mtoto atazaliwa huko. Nilikwenda nyumbani kwake, nyuma ya reli. Alinisikiliza mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Mama mwalimu, nyumba ya kwako imeharibika," alisema. "Usiniharibishie na yangu."

Akafunga mlango. Nilikwenda mara ya pili, akanitukana kupitia dirishani, matusi ya Kiluba ambayo nashukuru sikuyaelewa. Nilirudi nyumbani nikiapa kwamba siendi tena, kila mtu na mtoto wake. Nilikaa na kiapo hicho siku nne. Nilimchukia mpishi, nikamchukia mke wake kwa ujinga wake, na kila nilipomwosha binti yangu uso niliona lile kovu na kujua kwamba kuna mwingine anakuja njia hiyo hiyo.

Mara ya tatu sikusema neno. Alikuwa amekaa nje anachambua maharage. Nilikaa chini mbele yake, nikamlaza mtoto juu ya magoti yangu, nikamtoa kitambaa usoni. Binti yangu alifungua macho. La kulia lilikuwa jeusi linang'aa. La kushoto lilikuwa na ule weupe wake.

Aliangalia muda mrefu. Mikono yake ilisimama kwenye maharage.

"Anaona?" aliniuliza.

"Hii moja inaona."

Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kutokea. Alifunga mlango kwa ufunguo. Tulitembea mpaka kwa muuguzi. Alimeza vidonge vyote vitano, akaomba maji mara ya pili, akanywa, akafungua mdomo bila kuambiwa. Kisha aliniambia nisimfuate, anataka kurudi peke yake.

Mpishi alipopata habari alihama nyumbani wiki mbili, akalala botini. Mke wake alinilaumu kwa hilo pia. Tulipopishana sokoni alitazama upande mwingine. Nilisikia kwa watu tu kwamba amejifungua mtoto wa kiume, hospitalini, na kwamba walimpaka mtoto dawa ya macho dakika ile ile.

Alikuja kwangu mtoto alipofikisha wiki sita. Sikumtegemea. Alikuwa amevaa vizuri, akakaa kwenye kiti nilichompa, akasema amekuja kusema aksanti, na kwamba yale matusi nimsamehe. Nilimwambia yamekwisha. Nilimwekea chai. Aliniomba nimshike mtoto, nikamshika.

Mtoto alikuwa mzito, mwenye afya. Mama yake alipitisha kidole mbele ya uso wake kunionyesha, kwa furaha, jinsi anavyokifuata. Alikifuata kulia. Alikifuata kushoto. Macho makubwa, masafi, yote mawili. Binti yangu alikuwa kwenye mkeka karibu na miguu yetu, ameshaanza kuzoea kugeuza kichwa kizima kila kitu kikimjia upande wa kushoto, na wakati ule alikuwa anakigeuza, anatafuta sauti ya mgeni.

Nilisema Mungu asifiwe. Nilimsifia mtoto, nikamrudishia mama yake kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Kisha nikaingia ndani, nikakaa sakafuni, nikalia kwa hasira mpaka nikakosa sauti. Macho yale nilikuwa nimeyapigania mimi, na alikuwa nayo mtoto wa mwanamke mwingine, na nilimwonea wivu mtoto wa wiki sita.